Kutoka Lamu hadi Makunduchi Nikifuata Maneno ya Kazi

Jumamosi, Lamu

Nimekuja Lamu kwa ajili ya vitenzi. Majina ya vitu yamekusanywa sana, na kila mtu ana kisa chake cha samaki mmoja mwenye majina matatu. Lakini Kiswahili cha mahali hukaa zaidi ndani ya kazi za kila siku. Msikilize mtu akifagia, akioga, akisuka mkeka au akiangua nazi, utasikia maneno ambayo vitabu vya shule haviyagusi, na ukiyafuata utafika yalikoanzia. Njia niliyojipangia ni ya pwani: Lamu, Mombasa, Tanga, Pemba, kisha kusini ya Unguja.

Mitaa ya mji wa kale ni myembamba, na punda akipita na mzigo wa mawe ya matumbawe huna budi kujibana ukutani. Katika mtaa mmoja mama mmoja alikuwa akimhimiza binti yake amalize kupea daka. Kupea ni kufagia, na ufagio wenyewe huitwa upeo. Daka ni kile kibaraza cha mlangoni chenye viti vya mawe pande mbili, ambako nyumba za kale hupokea wageni wasioingia ndani. Nilipomwamkia akajibu, akaongeza, "Ndoo uketi." Ndoo yake ni njoo.

Anayekuja kutoka bara huisikia lugha hii akadhani wenyeji wanakosea au wanakata maneno. Akikaa kidogo ataona kwamba kuna kanuni, na kanuni hiyo inafuatwa kwa uaminifu kuliko tunavyofuata alama za barabarani. Pale ambapo Unguja husema *nj*, Amu, yaani Lamu kwa kinywa cha wenyeji, husema *nd*: ndia, ndoo, nde. Pale penye *ch*, mara nyingi huwa *t*: mato ni macho, kuteka ni kucheka, kuteza ni kucheza, na nti ni nchi. Pale penye *j* peke yake huja *y*: kuya, moya, yana. Ukishazishika hizo tatu unaweza kukisia neno usilolijua, na mara nyingi utapatia. Kuchinja, kwa mfano, ni kutinda.

Lakini maneno yaliyonivuta zaidi leo ni yale ambayo hayatokani na kubadilika kwa sauti. Mtu wa Lamu husema *ima* pale ambapo mimi husema simama. Neno hilo sisi wengine tumelipoteza kama kitenzi, ila tumebaki na vipande vyake: kukaa wima, na mwimo wa mlango, ule mti uliosimama upande wa fremu. Tunatumia watoto wa neno kila siku na mzazi wao tumemwacha kaskazini. Kuamba nako ni hivyo hivyo. Huku na Mombasa mtu *huamba*, yaani husema. Kiswahili sanifu hakiambi tena, ila hakiwezi kumaliza ukurasa mmoja bila *kwamba*, na kwamba ni kuamba kulikosahaulika asili yake.

Jumapili, Matondoni

Mashua ya kwenda Matondoni iliondoka maji yakiwa yamejaa, maana yakishapwa huwezi kufika ufukweni. Nahodha alinihadharisha kwa neno moja, kupwelewa. Ni kuachwa na maji: chombo kimekaa matopeni, na hakuna la kufanya ila kungoja mpaka bahari irudi. Sijui lugha nyingine yenye kitenzi kimoja kinachobeba hali hiyo nzima, na kinyume chake hakihitajiki, kwa sababu chombo kinachoelea hakina habari ya kusimulia.

Matondoni ni kijiji cha waunda vyombo. Nimekaa nusu ya siku na fundi mmoja mzee chini ya kibanda cha makuti, akichonga taruma, zile mbavu za chombo, kwa tezo huku akijibu maswali yangu bila kuinua kichwa. Nilimwita babu, yeye akaniita mwanangu, na kila nilipotaja neno la kitabuni aliniuliza kwanza linatumika kwa kazi gani.

Kazi kubwa ya leo ilikuwa kukalafati. Mbao za mashua zikishapigiliwa hubaki na mianya. Pamba husokotwa, ikalowekwa mafuta, ikashindiliwa katika mwanya kwa patasi butu na nyundo ya mbao mpaka mbao zinabanana. Kijana wake aliifanya kwa mdundo mmoja tangu tezi hadi omo, na akikosea mdundo babu alisikia. Neno hili limezunguka bandari nyingi. Waarabu wanalo, na Wareno wanasema *calafetar*. Mabaharia hawa wote walikutana katika bahari hizi, na kila mmoja alihitaji chombo kisichovuja.

Baada ya pamba huja sifa, ambayo haihusiani na kusifiwa. Sifa ni mafuta ya papa na samaki wengine, hupakwa mbao zisioze kwa jua na chumvi, na harufu yake humtangulia mtu anayerudi nyumbani kutoka kazini. Chini, sehemu inayokaa majini, hupakwa shahamu, mafuta ya mnyama yaliyochanganywa na chokaa, ili wadudu wasitoboe. Kabla ya hapo chombo huchomwa: moto wa makuti hupitishwa chini ya ubao mpaka wadudu walio ndani wafe. Mtu wa bara ukimwambia kwamba leo jirani anachoma chombo chake, atakimbilia maji ya kuzima moto.

Nilimuuliza babu kama vijana wanajua maneno haya. Akasema wanayajua wale wanaoifanya kazi, na asiyeifanya hana haja nayo. Kisha akaonyesha boti la fiba lililoegeshwa jirani. "Lile halikalafatiwi." Hakusema zaidi, akarudi kwenye tezo lake. Mimi nilibaki na jibu hilo njia nzima ya kurudi, kwa sababu ndilo jambo ninalolifuata katika safari hii. Neno la kazi halifi kwa kukatazwa na mwalimu wala kwa kuchekwa na wageni. Hufa siku kazi yake inapoachwa.

Jumatatu, njiani

Mokowe kwa boti, basi hadi Garsen, Malindi, Kilifi, Mtwapa. Siku ndefu ya vumbi kidogo na joto jingi. Neno pekee nililoandika ni la tandiboi, kama abiria mmoja mtu mzima alivyomwita kijana aliyepanga mizigo juu ya gari. Vijana wengine katika basi walimwita makanga. Tandiboi ni Kiingereza, *turn boy*, na linazeeka pamoja na wanaolitumia.

Jumanne, Mombasa

Barabara ya kuingilia mji wa kale, karibu na Ngome ya Yesu, inaitwa Ndia Kuu. Nimeipita mara nyingi miaka ya nyuma bila kulisoma jina. Ni kanuni ya Kiamu ile ile, nayo imeandikwa kwenye kibao cha barabara ya mji mkubwa, na hakuna anayethubutu kuisahihisha kuwa Njia Kuu. Ningependa kila mwalimu anayemkata mwanafunzi alama kwa kuandika *ndia* aletwe hapa asimame chini ya kibao.

Jambo hili lina historia yake. Mwaka 1928 ulifanyika mkutano katika mji huu huu wa Mombasa kuamua lahaja ipi iwe msingi wa Kiswahili cha vitabu na shule za Kenya, Tanganyika, Uganda na Zanzibar. Kimvita, lahaja ya Mombasa, kilikuwa na watetezi wake wenye hoja nzuri, maana kina hazina kubwa ya mashairi. Kikachaguliwa Kiunguja, na mwaka 1930 ikaundwa kamati ya kukisanifu. Uamuzi ulikuwa na faida yake, siukatai: bila lugha moja ya kuandikia, gazeti la Nairobi lisingesomwa Songea. Ila tangu siku ile lahaja moja ikaitwa Kiswahili, na dada zake wakaitwa lahaja.

Asubuhi nilikula mahamri na mbaazi za nazi. Mahamri yana hamira, na hamira ni Kiarabu, kitu cha kuumulia unga. Nikivuka mpaka nitakula kitu kinachofanana nayo kiitwacho maandazi, na jina hilo limetoka kwa kitenzi cha Kibantu, kuandaa. Mama aliyeuza alikuwa amejifunga leso mbili. Tanzania angekuwa amejifunga kanga. Leso ni Kireno, *lenço*, kitambaa cha mkononi. Katika karne ya kumi na tisa wanawake wa pwani walinunua vitambaa hivyo kabla havijakatwa kimoja kimoja, wakaviunga kwa sindano wakapata nguo moja pana yenye mapambo ya kuvutia. Kiwanda kikaja kuiga kilichobuniwa na wanawake hao. Mombasa ikashika jina la kitambaa, na kusini wakashika jina la ndege, kanga, ambalo husemwa limetokana na madoadoa ya nguo za mwanzo.

Alasiri kwenye baraza moja wazee walikuwa wakicheza karata. Waliniambia "Keti," na nikaketi. Kelele za mchezo huo ni kumbukumbu ya Wareno kuliko ngome yenyewe, iliyojengwa kati ya 1593 na 1596. Karata ni *carta*. Kopa, uru, shupaza na pau ni *copas*, *ouros*, *espadas* na *paus*. Turufu ni *trunfo*, na karata ya saba huitwa seti, kwa sababu saba kwa Kireno ni *sete*. Wareno walitimuliwa ngomeni mwaka 1698 baada ya kuzingirwa karibu miaka mitatu, na sidhani wazee hawa wana huruma nao. Lakini kila alasiri mtu hupiga karata yake kwa kishindo na kutaja rangi kwa lugha ya watu hao. Wachezaji hawakuhitaji kujua. Mmoja wao nilipomweleza alishangaa kidogo, akasema, "Basi walituachia jambo la maana," akachanganya karata upya.

Jumatano, Lungalunga hadi Tanga

Kusini ya Mombasa, karibu na mpaka, wako Wavumba wa Wasini na Vanga, wenye Kivumba chao. Hicho kinataka wiki nzima na mtu wa kukuongoza, kwa hiyo nimekipita bila kukigusa, maana kukigusa juu juu ni kukidhulumu.

Mpakani Lungalunga na Horohoro ni hatua chache tu, lakini kazi za kila siku hubadili majina hapo hapo. Kabla ya kuvuka nilipanda matatu kwenye steji, na nilipotaka kushuka nilisema nishukishwe. Baada ya kuvuka nilipanda daladala kituoni, na abiria wakapaza sauti, "Shusha!" Matatu limetokana na nauli ya zamani ya mapeni matatu jijini Nairobi, senti thelathini. Daladala ni la miaka ya 1980 Dar es Salaam, wakati sarafu ya shilingi tano ikiitwa dala. Nchi mbili, na kila moja ikaita gari la abiria kwa kile abiria alichokitoa mfukoni. Nauli zote mbili zimekufa zamani, majina yamebaki.

Hata kiamsha kinywa cha asubuhi, baada ya Horohoro, kimekuwa kifungua kinywa. Chakula cha mchana nimekula kwa mama ntilie karibu na stendi ya Tanga. Jina hilo ni sentensi kamili iliyogeuka cheo: "Mama, nitilie." Nitilie wali, nitilie maharage. Mfanyakazi mwenye njaa aliita hivyo kila mchana, mpaka ombi lake likawa jina la aliyeombwa. Ofisini wanapenda kuwaita mama lishe, na ninaelewa nia yao, lakini mama ntilie lina sauti ya mtu ndani yake.

Alhamisi, Tanga

Mkonge uliletwa pwani hii mwaka 1893 na Mjerumani Richard Hindorf. Miche ilitoka Florida, ikasalimika michache tu, nayo ikatosha kubadili mkoa mzima. Leo nilikwenda nje ya mji kwenye mashamba, na mzee mmoja aliyefanya kazi huko tangu ujana akakubali kuzungumza nami chini ya mwembe. "Karibu, kaa chini," akasema, na nikakumbuka *keti* ya juzi.

Alianza kwa kunieleza kazi zenyewe. Kukata, kufunga matita, kupeleka korona. Korona aliyoitaja ni mashine ya kukamua majani ili zibaki singa, zile nyuzi nyeupe zinazoanikwa kwenye kamba kama nywele. Mashine hiyo ya Kijerumani iliitwa *Corona*, watu wakalichukua jina, wakalipa jengo zima, kisha hata ajira: mtu anafanya kazi korona. Ugonjwa wenye jina hilo ulipokuja mwaka 2020, aliniambia, hapa watu walilazimika kufafanua wanazungumzia ipi.

Kisha tukafika kwenye manamba. Wakati wa ukoloni mashamba yaliajiri watu kutoka mbali, Waha wa Kigoma, Wabena, Wamakonde, na wengine wengi. Walipandishwa magari, wakafika wakiwa wageni wa kila kitu, na kila mmoja akapewa namba. Karani hakuwa na muda wa majina yao. Aliita namba, na wenye namba wakawa manamba. Mzee alilitamka neno hilo bila uchungu wowote usoni, lakini alilitamka polepole. Mimi naona ni neno zito kuliko mengi katika kamusi. Mtu mzima mwenye ukoo na miiko yake alifupishwa kuwa tarakimu, na lugha ikaweka kumbukumbu ya tendo hilo waziwazi, kwa kiambishi cha *ma-*.

Kibarua nalo lilianza kwenye karatasi. Barua ndogo ni kibarua. Mwenye kazi ya siku alipewa kijikaratasi cha kuthibitisha kwamba amefanya kazi, akakionyesha apate ujira. Baadaye karatasi ikawa jina la kazi, "natafuta kibarua," na mwishowe jina la mtu, "yule ni kibarua." Vijana wanaobeba matofali mjini leo hawapewi karatasi yoyote, ila jina lake wanalibeba.

Jioni upepo wa bahari ulivuma vizuri. Nimefua nguo mbili na kukata tiketi ya boti ya Pemba.

Ijumaa, baharini na Mkoani

Mkondo wa Pemba ulikuwa na mawimbi, wengi walitapika. Sikuandika kitu.

Jumamosi, Pemba

"Wambaje?" Ndiyo salamu niliyopewa na mwenye nyumba asubuhi, na moyo wangu ukaruka, kwa sababu ni kuamba kule kule kwa Lamu. Wambaje ni unasemaje. Bahari yote hii katikati, na kitenzi ambacho Kiswahili sanifu kimekizika ndani ya *kwamba*, hapa kinaamshwa kila alfajiri na kila mtu, hata watoto. Kisha akanikaribisha, "Kaa kitako." Hiyo ndiyo namna ya Pemba na Unguja. Kitako ni lile lile tako, na watu wa bara huliona neno hilo ni la aibu, wakasema kaa chini. Kwa Wazanzibari hakuna aibu yoyote, kwa sababu mtu hukalia alichojaliwa. Kwa hiyo njiani nimekalishwa kwa namna tatu: keti, kaa chini, kaa kitako. Kila moja ni ya heshima mahali pake.

Msimu wa karafuu umeanza, na barabara zina harufu yake kabla hujaiona. Mashamba ya Unguja yaliangushwa na tufani ya mwaka 1872, Pemba ikasalimika kwa kiasi kikubwa, na tangu hapo karafuu nyingi za visiwa hivi ni za huku. Watu waliozaliwa katika kazi moja kwa vizazi hivi vyote wameitengenezea maneno ya kutosha. Karafuu *huchumwa*, na mchumaji hukwea. Hakuna anayepanda mkarafuu akivuna: kupanda ni kutia mche ardhini, na kuchanganya mambo hayo mawili shambani ni kuleta mkanganyiko usio na sababu. Bara tunasema kupanda kwa yote mawili, kupanda mti wenye miaka sitini na kupanda mti usio na siku sita, kisha tunategemea msikilizaji aelewe.

Vishada vikishashuka, kazi huhamia barazani usiku. Watu huketi kwenye duara, watoto kwa wazee, *wakichambua*: kuziondoa karafuu kwenye vikonyo vyake kwa kuzisugua kiganjani. Vikonyo hivyo ni makonyo, navyo havitupwi, hukamuliwa mafuta. Zilizoiva kupita kiasi na kuvimba ni mpeta. Kisha huanikwa juu ya majamvi, na hapo nyumba nzima hutazama mbingu, maana mvua ya dakika kumi inaweza kumharibia mtu msimu. Nilijaribu kuchambua pamoja nao. Vidole vilinata utomvu, na bibi mmoja mkabala nami alimaliza lundo lake akiwa anasimulia habari za harusi bila kutazama mikono. Nilimuuliza kazi hii aliifundishwa na nani. Akasema hakuna anayefundishwa kuchambua, mtu huzaliwa msimuni.

Ndani ya nyumba hiyo hiyo kulikuwa na kazi ya pili, mikeka. Nayo nimeijazia kurasa. Miyaa au ukindu huchemshwa na rangi, ikakaushwa. Mwanamke *husuka* ukili, utepe mwembamba mrefu ambao hukunjwa kama kamba, kisha *hushona* mkeka kwa kuziunga tepe hizo. Anayesema kwamba mkeka husukwa amesema nusu ya ukweli. Jamvi ni la kazi za nje, mkeka ni wa ndani, na msala ni wa kuswalia. Binti mwenye umri wa kama miaka kumi na minne alikuwa akisuka kwa kasi ya kunishangaza, simu ikiwa imeegemezwa mbele yake. Nilifurahi kuliko nilivyotarajia. Kazi hii haijaachwa, na kwa hiyo maneno yake yako salama kwa muda.

Jumatatu, Makunduchi

Boti ya Unguja, kisha gari la kusini. Kikae, lahaja ya Makunduchi, ni kigumu kwa sikio langu. Wazee wawili walipozungumza wao kwa wao nilishika nusu tu, na walipogeuka kwangu walihamia Kiunguja cha mjini kwa hisani, bila kusita. Baraza la Kiswahili la Zanzibar limechapisha makamusi ya lahaja za visiwani, pamoja na hii, na ninalishukuru.

Makunduchi inajulikana kwa Mwaka Kogwa, sherehe ya Julai ya kuukaribisha mwaka mpya, ambayo ina undugu na Nairuzi ya Waajemi. Watu hutazama vijana wakipigana kwa migomba na kibanda kikichomwa moto, na wengi hawajiulizi kuhusu jina. Kogwa ni kuoga. Kwa wenyeji mtu *hukoga*, na mwaka nao hukogwa: huoshwa, ukatolewa uchafu na ugomvi wa mwaka uliopita. Bibi aliyenipokea, mwenye umri wa kutosha kunizaa mara mbili, alinieleza hayo baada ya shikamoo na marahaba, huku mjukuu wake wa kiume akisikiliza na daftari la shule mapajani. Mjukuu akasema mwalimu wake alimfutia *koga* kwa wino mwekundu akaandika *oga*. Nikachukua kalamu nikamwandikia zote mbili, nikamwambia ya pili ni ya mtihani na ya kwanza ni ya kwao, na kwamba kijiji chake kina sherehe iliyobeba neno lile kwa jina. Bibi alisema maneno makali kidogo kuhusu mwalimu. Sitayaandika.

Mchana maji yalipwa, tukaenda mashambani mwa mwani. Kilimo hiki kilianza upande huu wa kisiwa mwaka 1989, kwa hiyo msamiati wake ni mchanga na ulitungwa na wanawake wanaokifanya. Mbegu *hufungwa* kwa taitai, vijiuzi vidogo ambavyo jina lake ni Kiingereza kilichorudiwa mara mbili. Mwani mnene wenye bei nzuri ni kotoni, kutokana na jina la zamani la kitaalamu la mmea. Maji yanapopata joto kotoni hufa, na wanawake walinionyesha vigingi vilivyobaki wazi. Mita mia kutoka hapo wengine walikuwa *wakichokoa* pweza kwenye mashimo ya mwamba kwa kijiti, kazi kongwe kwa neno kongwe. Pwani moja, maji mamoja, maneno ya vizazi viwili yakifanya kazi bega kwa bega. Babu wa Matondoni alinifundisha jinsi neno linavyokufa, na wanawake hawa wamenionyesha linavyozaliwa. Wala hawakungoja kamati.

Tuliporudi, bibi alitaka nazi za kupikia. Nazi *hufuliwa*: hudungwa juu ya kifuo, mti uliochongoka na kusimikwa ardhini, ikapindwa mpaka kumbi linabanduka. Ni kufua kule kule kwa nguo, na kule kwa mfua chuma. Zamani nguo zilipigwa juu ya jiwe, chuma kinapigwa juu ya fuawe, na nazi inapigizwa kwenye kifuo. Kitu cha pamoja ni pigo. Bibi alifua nazi tano nikiwa bado nahangaika na ya kwanza. Makumbi hakuyatupa, maana kuna jirani anayeyafukia matopeni ufukweni kwa miezi, kisha huyatwanga akapata usumba wa kusokotea kamba.

Nazi zilipokuwa hazitoshi, aliitwa mkwezi. Akauendea mnazi wa nyuma ya nyumba, mrefu, wenye mikato iliyochongwa upande mmoja wa shina, akaanza kukwea akitia nyayo katika mikato hiyo. Nilimuuliza bibi inaitwaje. "Vidato," akasema, kana kwamba nimeuliza jina la jua.

Mjukuu aliinua kichwa. Mwakani anaingia kidato cha kwanza, na amelisikia neno hilo maisha yake yote kwa maana ya darasa tu. Bibi akamshika bega, akamsogeza shinani, akauweka mkono wake ndani ya mkato wa chini kabisa. Kila mkwezi, akamwambia, huanza na hiki, na kinachofuata hufikiwa na aliyesimama vizuri katika cha kabla yake. Mjukuu akauliza nani alivichonga. Bibi akasema ni babu yake, kwa shoka, mnazi ulipokuwa mdogo, na kwamba alivichonga karibu karibu kwa sababu alikuwa mfupi wa miguu. Juu, mkwezi alikuwa ameshafika kichani, akatupigia kelele tusogee. Madafu mawili yakaanguka, kisha nazi kavu sita. Dafu la kwanza akapewa mwanafunzi.